Hati za Kajiado na Shahada ya Masafa

Bisil, kwenye barabara kuu kati ya mji wa Kajiado na mpaka wa Namanga, hujulikana kwa soko lake la mifugo, na ni nadra kuisikia ikitajwa panapozungumzwa elimu ya juu ya fedha. Ingefaa itajwe. Kwa zaidi ya nusu karne ardhi ya Wamaasai wa Kajiado imewekwa dhamana ya mikopo, huku sheria za dhamana hiyo zikitungwa na kufasiriwa mbali na wenye ardhi. Ndiyo maana nashikilia kwamba shahada ya uzamili ya fedha na sheria ya fedha, ikisomwa kwa masafa na mtu asiyehama kwake, ina kazi kubwa zaidi hapa kuliko katika maghorofa ya Nairobi.

Mambo yalianza mwaka 1968, Bunge la Kenya lilipopitisha sheria ya kuamua haki za ardhi na nyingine ya wawakilishi wa vikundi, zikazaa ranchi za jumuiya. Wanachama walichagua wawakilishi, wasiopungua watatu wala kuzidi kumi, na hao ndio walioshika hati kwa niaba ya wote na kuwa na uwezo wa kukopa. Benki ya Dunia ilitia fedha katika mradi huo, na mikopo ya majosho, visima na ng'ombe wa kunenepesha ikapitia AFC, shirika la serikali la mikopo ya kilimo. Sahihi za watu wasiozidi kumi, kwenye karatasi za Kiingereza, ziliweza kuzifunga familia zote za ranchi. Marejesho yakasuasua. Kufikia miaka ya 1980, hofu ya kubebeshwa deni la pamoja ilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wanachama wadai ardhi igawanywe, pamoja na madai ya vijana na msukumo wa wanasiasa. Kila mtu akapata hati yake, na hati ikawa kitu cha kupeleka benki au kumuuzia mgeni. Ploti za Kitengela, mji wa Kajiado ulio karibu na Nairobi, ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Mwaka 1992 Mholanzi Marcel Rutten alitoa kitabu kuhusu mabadiliko hayo ya Kajiado, na jina la kitabu hicho linasema watu waliuza utajiri wakanunua umaskini. Ni kazi ya thamani, ila inauma kwamba maelezo mapana kiasi hicho yaliandikwa na mtu wa mbali.

Kusoma kwa mbali nako si jambo la juzi. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria darasa tangu mwaka 1858. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, akiwa bado kijana mfanyakazi, alijisomea kwa posta kupitia chuo cha Afrika Kusini kabla ya kwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Baada ya uhuru Chuo Kikuu cha Nairobi kiliendesha masomo ya posta na redio kutoka Kikuyu, walimu wakapanda vyeo bila kuacha shule zao. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ikapata chake mwaka 2023, pale Konza. Fedha na sheria yake katika ngazi ya uzamili zilichelewa kuingia katika safari hii. SOAS ya London ni miongoni mwa vyuo vilivyozifungulia njia ya masafa.

Kuna watakaosema kwamba mfugaji anahitaji wakili mwema, hahitaji shahada. Tuitazame Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Mkopaji akishindwa kulipa, benki humpa notisi ya miezi 3 arekebishe, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza. Shamba likiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Wakili atamtetea mteja kwa vifungu hivyo. Lakini bei ya soko ni ipi mwaka wa ukame, wakati kila jirani anauza? Na mwaka 2017 sheria nyingine ilipotambua mifugo kuwa dhamana, mkopeshaji apime vipi hatari ya kundi linalohama? Hapo sheria peke yake haitoshi, wala hesabu peke yake. Anayejua zote mbili, na anayejua jinsi ng'ombe wanavyouzwa Bisil, ndiye wa kuyajibu maswali hayo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ujinga wa sheria haukuwa chanzo pekee. Ukame, karo za shule na tamaa ya wanunuzi wa Nairobi vilisukuma mauzo hata ya waliojua walichotia sahihi. Nakubali kabisa. Elimu haileti mvua. Lakini hicho si kisingizio cha kuacha mikataba isomwe na upande mmoja tu. Ada nayo, hasa ya pauni, ni kikwazo cha kweli, na upweke wa kusoma bila wenzako huwaangusha wengi. Kwa hayo naona Konza ni tumaini la karibu kuliko London, mradi masomo haya yafikishwe ngazi ya uzamili kwa ada ya shilingi.

Kazi ipo tayari. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliifuta ile ya wawakilishi wa vikundi ya 1968 na kuzitaka ranchi zilizosalia zisajiliwe upya; sasa ardhi haiuzwi bila idhini ya angalau theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa. Je, kuna benki itakayokopesha kwa dhamana ya namna hiyo, na kwa riba gani? Tasnifu juu ya swali hilo inahitaji mwandishi anayeweza kukaa katika mkutano wa wanachama, akafuata mjadala wa Kimaasai tangu asubuhi, kisha jioni akafungua kompyuta amwandikie msimamizi wake.