Bao na Hesabu ya Safu

Mwaka jana kijana mmoja wa Ringwani, wilayani Serengeti, alinijia akitoka katika usaili wa kazi ya kuandika programu. Alikuwa amepewa safu ya tarakimu, ambayo kila moja yaonyesha mahali pa kwenda, akaulizwa kama mwendo huo utakoma au utazunguka daima. Wala asiweke kumbukumbu ya alikopita. Alishindwa. Akaniambia kwa uchungu kwamba elimu hiyo si ya kwetu.

Neno hilo sikulikubali. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16 yanayozunguka kama duara. (Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alilipenda.) Fundi wa bao hahesabu kwa kidole. Akiwa na kete 7 katika shimo la 12, ajua ya mwisho itaanguka katika la 3. Maana 12 na 7 ni 19, na 16 zikitolewa hubaki 3. Alex de Voogt, aliyewachunguza mafundi wa Zanzibar, aliandika juu ya uwezo huu katika tasnifu yake ya udaktari, Leiden, mwaka 1995.

Sasa tazama kutakata. Kwa kawaida kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, mchezaji hulala. Ikikuta nyingine, huzichukua zote akaendelea. Je, aweza kuendelea asilale kamwe? Aweza: wataalamu wa kompyuta wa Uholanzi wameonyesha kwamba miondoko isiyokoma imo katika bao. Basi swali la usaili ni swali la barazani.

Jawabu lake Donald Knuth, katika kitabu cha mwaka 1969, alilinasibisha na Robert Floyd, na wenyewe huliita la kobe na sungura, wanyama ambao hadithi zetu zawajua sana. Panga mabao mawili sawasawa. Katika la kobe chukua na upande mara moja. Katika la sungura, mara mbili. Rudia. Sungura akilala, mwendo una mwisho. Mabao yakilingana kete kwa kete, na shimo la kuchukuliwa likiwa lilelile, hakuna kulala tena.

Tulimaliza alasiri tukijaribu, yeye akiwa kobe.