Pointi za Mteja wa Kudumu, Si za Uaminifu

Ukisoma tangazo la hoteli kubwa lililotafsiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi utakutana na "pointi za uaminifu". Wengine huandika "alama za uaminifu". Mfasiri ameona neno "loyalty", kamusi imemwambia uaminifu, naye akaendelea na sentensi inayofuata. Mimi naomba tusimame hapo kwanza, kwa sababu tafsiri hiyo inamgharimu pesa mzazi anayepanga safari ya Desemba na watoto. Safari ninayoifikiria ni ya kwenda Bendera, wilayani Same, kwenye tambarare ya mashariki chini ya Milima ya Upare Kusini. Wanaotoka Dar es Salaam huiacha barabara kuu pale Mkomazi na kushika njia ya Bendera, Kihurio, Ndungu na Maore.

Jambo lenyewe lilianzia angani. Tarehe 1 Mei 1981, shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria maili walizosafiri nalo, na maili zikifika idadi fulani abiria anapewa tiketi. Hoteli zikaiga upesi: Holiday Inn na Marriott mwaka 1983, Hilton mwaka 1987. Leo karibu kila kampuni kubwa ya hoteli duniani ina mpango wake. Unajiandikisha bure, unapewa namba, na kila unapolipia chumba unaandikiwa pointi. Marriott na Hilton hutoa kwa kawaida pointi 10 kwa kila dola ya Marekani unayotumia, Hyatt hutoa 5. Zikifika kiwango cha chumba unachokitaka, unalala bila kulipa fedha za chumba.

Afrika Mashariki tuliufahamu mchezo huu kwa njia ya simu kabla ya hoteli. Safaricom ya Kenya ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007, moja kwa kila shilingi 10 za Kenya, na Vodacom Tanzania ikaja na Tuzo Pointi. Shirika la ndege la Kenya Airways limeuita mpango wake Asante. Tazama majina hayo: bonga, tuzo, asante. Watu wa biashara waliokuwa wakitafuta jina la kumvutia Mswahili hawakuligusa neno uaminifu. Walisikia, nadhani, kwamba halikai mahali pake.

Halikai kwa sababu uaminifu kwetu ni sifa ya moyo. Karani mwaminifu ni yule anayekabidhiwa sanduku la fedha na kulirudisha lilivyo. Mke au mume mwaminifu hatoki nje ya ndoa. Mtu anayelala katika hoteli moja mara nyingi kwa sababu kampuni yake imeingia mkataba na hoteli hiyo hajaonyesha uaminifu wowote, na akihamia hoteli ya jirani hajamsaliti mtu. Anafanya biashara. Ukimwita mwaminifu unamfunga kwa aibu isiyomhusu, na ndivyo watu wanavyojikuta wanalipia chumba cha bei kubwa ili tu wasiipoteze "hadhi" yao, yaani daraja wanalopewa na hoteli.

Liko pia jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Neno uaminifu lina ndugu yake, amana. Amana ni kitu chako kilichowekwa kwa mwenzio, ukikitaka unarudishiwa kilekile. Msomaji wa Kiswahili akisikia pointi za uaminifu, sikio lake linaelekea huko: ana akiba mahali. Hana. Masharti ya mipango hii husema wazi kwamba pointi si mali ya mwanachama na hazina thamani ya fedha taslimu. Kampuni inaweza kupandisha bei ya chumba kwa pointi bila kukuuliza. Marriott iliondoa majedwali yake ya bei za pointi mwaka 2022, na tangu hapo chumba kilekile kinaweza kudai pointi nyingi zaidi msimu wa sikukuu kuliko mwezi wa masika. Pointi pia hufa. Kwa Marriott na Hyatt, akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote pointi zinafutwa. Kwa IHG, kampuni ya Holiday Inn, mwanachama wa daraja la chini hupewa miezi 12 tu. Na kampuni ikianguka, pointi zinaanguka nayo. Waliokuwa na kadi za Nakumatt, duka la Kenya lililokuwa na tawi hadi Moshi, wanalijua hilo. Maduka yalipofungwa, kadi hazikuwa na pa kutumika.

Basi tuite nini? Nimeyapima maneno kadhaa. Zawadi halifai, kwa sababu zawadi hutolewa bila malipo, na hizi umezilipia ndani ya bei ya chumba. Tuzo lina sauti nzuri lakini linahitaji ushindi. Bahashishi huenda upande wa pili, kutoka kwa mgeni kwenda kwa mhudumu. Takrima lingekuwa neno bora kabisa kwa hoteli, maana ni ukarimu kwa mgeni, lakini siasa za Tanzania zililichafua: sheria ya uchaguzi iliiruhusu takrima mwaka 2000 kwa wagombea, Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006, na hadi leo ukilitamka watu wanafikiria pilau ya kampeni. Marejesho limekwishachukuliwa na vikundi vya mikopo, na huko ni deni unalolipa wewe.

Kilicho karibu zaidi na jambo hili ni nyongeza. Mama anayeuza nyanya sokoni akikufahamu, fungu lako linapata nyanya mbili za juu. Hakupi kwa sababu wewe ni mtu mwema. Anakupa ili kesho usipite kwa jirani yake, na zile nyanya mbili amekwisha kuzihesabu katika bei. Pointi za hoteli ni nyongeza iliyoandikwa kwenye kompyuta. Jina la mtu anayepewa nyongeza tunalo pia, kila muuza duka analitumia: mteja wa kudumu. Kwa hiyo napendekeza *pointi za mteja wa kudumu*, au kwa kifupi *pointi za mteja*. Neno pointi tuliache. Limeshakuwa letu mpirani na kwenye simu, na alama linampeleka msomaji kwenye karatasi ya mtihani.

Kitenzi nacho kina kasoro yake. Menyu nyingi za simu na tovuti za hoteli hutuambia "komboa pointi zako". Kukomboa ni kulipa ili kukirudisha kilicho chako: unakomboa shamba lililowekwa rehani, unakomboa mateka. Pointi hazikuwekwa rehani na mtu. Unazitumia, au unalipia kwa pointi. "Lipia chumba kwa pointi" anaielewa hata bibi asiyewahi kulala hotelini.

Hapo tumefika kwenye neno hoteli lenyewe, ambalo kwa mtu anayekwenda Bendera lina maana mbili. Ukishuka kwenye basi kando ya barabara hiyo ukauliza hoteli iko wapi, utaelekezwa penye chai na chapati, wali maharage, pengine samaki. Pa kulala panaitwa gesti, na maandishi ya ukutani yatasema nyumba ya kulala wageni. Tafsiri ya "hoteli rafiki kwa familia", inayozidi kuenea, inapotea njia mara mbili kwa msafiri huyu. Hoteli haiwi rafiki wa mtu, na anachokihitaji hakiitwi hoteli. Sisi husema pa kulala panapofaa familia, au kwa urahisi zaidi, gesti ya kwenda na watoto.

Gesti nyingi hazikujengwa kwa ajili ya familia. Zilijengwa kwa dereva, mfanyabiashara wa mazao na mtumishi wa serikali aliye safarini. Mapokezi unakuta kitabu kikubwa chenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Hakuna mahali pa kuandika watoto wawili. Katika gesti nyingi nchini kuna pia tangazo linalokataza watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, na baba anayesafiri na kijana wake wa miaka 16 hulazimika kujieleza au kulipia vyumba viwili. Vyumba vina kitanda kimoja cha futi tano kwa sita. Kwenye joto la tambarare ya Bendera, ambako kuna mbu, mzazi ataangalia chandarua kama kinatosha kitanda kizima, feni kama inazunguka, na maji kama yanatoka usiku. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama mahali panafaa watoto. Bwawa la kuogelea ni la baadaye.

Hakuna gesti ya Bendera, Ndungu wala Same mjini ambayo ipo chini ya Marriott, Hilton au Hyatt. Pointi zako za kimataifa hazifiki huko. Zinafika njiani, na hapo ndipo zinapoweza kuipunguzia familia gharama. Dar es Salaam iko Hyatt Regency, ile Kilimanjaro Hotel ya zamani iliyofunguliwa mwaka 1965, na New Africa ambayo sasa inabeba jina la Four Points by Sheraton chini ya Marriott. Arusha nayo ina Four Points katika ile Arusha Hotel ya karibu na mnara wa saa. Mtanzania anayefanya kazi Muscat au Minneapolis, anayetua na watoto watatu waliochoka, anaweza kulala usiku wa kwanza kwa pointi, kisha akaanza safari ya Upareni asubuhi.

Lakini hesabu ifanywe kabla ya kufurahi. Chumba cha dola 120 kwa kiwango cha pointi 10 kwa dola kinakupa pointi 1,200. Kama usiku wa pointi unadai 20,000, itabidi utumie kwanza takriban dola 2,000, mshahara wa miezi mingi kwa familia nyingi za kwetu. Hakuna anayefika huko kwa kulala hotelini na watoto. Wanaofika ni watu wa semina na warsha, ambao waajiri wao hulipa, na walio ughaibuni wenye kadi za benki zinazotoa pointi kwa kila ununuzi. Ukiwa mmoja wao, pointi unazo tayari, zitumie. Ukiwa si mmoja wao, usilipie hata usiku mmoja kwa ajili ya kuzitafuta.

Anayezitumia kwa familia azingatie machache. Pointi hulipia chumba, na idadi ya watu wanaoruhusiwa iko palepale, kwa hiyo andika umri wa watoto wakati wa kuweka nafasi na uulize kitanda cha ziada kinatozwaje. Kifungua kinywa mara nyingi hakimo. Ukiweka nafasi kupitia wakala wa mtandaoni badala ya hoteli yenyewe, kwa kawaida huandikiwi pointi. Marriott, ukilipia usiku tano mfululizo kwa pointi, inakutoza pointi za usiku nne tu. Hilton inaruhusu hadi watu 11 kuunganisha pointi zao bila ada, na kwa hili Kiswahili hakihitaji istilahi mpya. Tunaita kuchanga. Shangazi wa London, mjomba wa Dar na binamu wa Nairobi wanachanga pointi ili babu na bibi walale mahali penye lifti wanapokwenda hospitali mjini.

Ukishafika Bendera unaanza kuwa mteja wa kudumu kwa njia ya zamani. Unapiga simu wiki mbili kabla, kwa sababu mwishoni mwa Desemba vyumba hujaa watu waliorudi nyumbani. "Shikamoo mama. Tuko wanne, watoto wawili wadogo, tutalala siku tatu." Ukimtajia siku tatu kwa mpigo, na kwamba ulilala kwake mwaka jana, umempa sababu ya kukupunguzia. Omba godoro la chini badala ya chumba cha pili. Omba chumba cha mbali na baa. Na kama mnakusudia kuwapeleka watoto Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, lango la Zange liko karibu na Same mjini, kwa hiyo panga usiku mmoja huko. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na mtoto aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu.

Ombi langu ni kwa wanaoandika menyu za simu, tovuti za hoteli na masharti yake kwa Kiswahili. Andikeni pointi za mteja. Andikeni lipia kwa pointi. Tarehe ya pointi kufutwa iwekeni juu, karibu na idadi yake, kwa maneno ambayo mama wa watoto wawili atayaelewa akiwa amesimama kituo cha basi.