Karatasi za Sheikh Al-Amin na Sisi Vijana wa Gusii

Saumu inaendaje huko kwenu Kisii mjini, Keroka, Nyansiongo? Kabla ya adhana ya Magharibi hebu tuzungumze kidogo juu ya mzee mmoja wa Mombasa. Usiseme hayo ni mambo ya pwani, yanatuhusu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa 1891. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Al-Sahifa, na 1932 likafuata gazeti la Al-Islah. Zamani hizo mwanachuoni akiwa na jambo zito aliliandika kwa Kiarabu, na mwenye kufahamu alikuwa mwanachuoni mwenziwe. Sheikh aliandika Kiswahili ili mtu wa kawaida naye asome. Wala hakuwabembeleza wasomaji wake. Aliwauliza: mbona mnawaiga Wazungu kwa mavazi na anasa, lakini bidii yao na elimu yao mnaziacha? Alihimiza watoto wafundishwe dini na pia elimu ya dunia, wasichana wakiwemo. Hiyo ni miaka ya 1930! Leo hii huku kwetu karo ikipungua, bado ziko nyumba ambazo wa kwanza kubaki jikoni ni binti.

Mawazo hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Sheikh alikuwa msomaji, na jarida la Al-Manar la Rashid Rida lilimfikia kutoka Misri. Kuanzia 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki 1947, Allah amrehemu.

Alimwacha mwanawe Ali akiwa na miaka 14 tu. Wewe uliyevunjwa moyo na KCSE, sikiliza hapa. Ali alifanya mtihani wa sekondari na alama hazikumtosha kuingia Makerere. Akawa karani katika chuo cha MIOME, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Siku ya Maulidi akatoa hotuba juu ya Mtume (s.a.w.), na gavana Philip Mitchell alikuwa amekaa pale anasikiliza. Kutokana na hotuba hiyo akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Baadaye yeye mwenyewe akawa profesa Makerere, kule kule!

Mwaka 1986 Profesa Ali Mazrui alionyesha kwenye televisheni kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi. Wengine walimpinga vikali. Lakini mtazame kijana Mwislamu wa Gusii: nyumbani Ekegusii, madrasa Kiarabu, shuleni Kiingereza. Jumamosi anachonga mawe ya Tabaka, Jumapili yuko chuoni na juzuu yake. Huyo anahitaji kuelezwa urithi wa aina tatu na nani?

Kuna jambo moja linalonisumbua. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitutolea tafsiri nzima ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, na hiyo ilikuwa ile ile njia ya Al-Sahifa, kumfikishia mtu maana kwa lugha yake. Sasa nyanya yako anayesikia Ekegusii peke yake, akija msikitini kwa darsa baada ya Taraweh, ni nani anayekaa karibu naye kumfafanulia? Wewe unajua lugha zote mbili, na Ramadhani haijaisha.