Magazeti ya Kale na Habari za Ukoo

Wakati wa ukumbusho kama huu watoto huwauliza wazee, "Babu yetu alitoka wapi, naye alifika huku mwaka gani?" Mzee hujibu, "Alifika baada ya njaa ile kubwa, kabla ya vita vya Majimaji." Jibu hilo ni jema, lakini ni la watu waliohesabu miaka kwa mambo makubwa, si kwa tarakimu. Tena daftari la ubatizo, likiwako, latupa jina na siku tu. Kati ya neno la mzee na mstari wa daftari liko pengo, na pengine gazeti la kale ndilo liwezalo kuliziba.

Magazeti hayo ni mengi kuliko tudhaniavyo. Msimulizi lilianza kupigwa chapa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na ndani yake mlikuwa na barua za walimu waliosomea pale, kisha wakatumwa kufundisha Bonde, Masasi na hata ng'ambo ya bara, Ziwa Nyasa. Kiongozi, gazeti la serikali ya Wadachi, lilitoka Tanga tangu 1904 hata 1916. Mwaka 1910 yalianza Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki, yote mawili Dar es Salaam. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Mambo Leo likaanza mwaka 1923, nalo likapokea habari kutoka wilaya nyingi. Mambo yaliyoandikwa humo yaweza kuonekana madogo: mwalimu amehamishwa, arusi imefanyika, nzige wamekula shamba, fulani amefariki. Lakini kwa mjukuu, hilo dogo ndilo kubwa.

Nani ana haja zaidi ya habari hizi? Ni wale ambao wazee wao walikamatwa utumwani wangali watoto. Wavulana waliookolewa katika majahazi walilelewa Kiungani, na wasichana Mbweni. Wengi walikuwa wamesahau jina la kijiji chao, na katika ubatizo wakapewa jina jipya. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa akitaka kuwarudisha upande wa Nyasa, wakakaa Masasi. Basi kwa wazao wa watu kama hao, mstari mmoja usemao kwamba mwalimu fulani "alionana na ndugu zake" katika safari waweza kuwa daraja la pekee kati ya jina la zamani na jina jipya.

Atakaye kutafuta, na aanze nyumbani wala si katika karatasi. Awaulize wazee, aandike majina yote ya mtu mmoja: la utoto, la jandoni, la ubatizo na la kazi. Ndipo ajue miaka ya kutafuta. Mzee akisema, "wakati wa Majimaji," ni 1905 hata 1907. Akisema, "homa ile kali iliyofuata vita," huenda ni mafua ya 1918. Tena asishike namna moja tu ya kuandika. Wadachi waliandika Muansa, Bagamojo na Udjidji, maana yake Mwanza, Bagamoyo na Ujiji. Na majina ya watu yalibadilika vivyo hivyo. Pia aangalie tarehe. Barua kutoka Nyasa ilichukua siku nyingi njiani, kisha ikangoja kupigwa chapa. Mwandishi akisema "juzi," hesabu tangu siku ya barua, si tangu siku ya gazeti.

Lakini yatupasa kujihadhari. Majina ya ubatizo yalikuwa machache, na akina Petro na Yohana walikuwa wengi. Ukimwona Petro mwalimu katika mwaka ule unaoutafuta, usiseme mara moja, "Huyu ni babu." Tafuta ushahidi wa pili: jina la mke, la mji, au la mwenziwe aliyesafiri naye. Karatasi iliyosomwa kwa haraka yaweza kumpa mtu ukoo usio wake, na leo ukoo ni shamba na ni urithi. Ndugu wakigombana kwa mstari mmoja uliosomwa vibaya, kazi yetu imekuwa hasara.

Tena gazeti halikusikia watu wote. Walioandika walikuwa walimu na makarani, watu wa kalamu. Mkulima, mpagazi na mwanamke hawakuandika sana. Mara nyingi bibi hutajwa kama "mkewe fulani," na jina lake halimo. Usidhani kwamba asiyeandikwa hakuwako. Hapo neno la mzee lapita karatasi, nalo lastahili kuheshimiwa.

Magazeti mengine na nyaraka za misheni zimehifadhiwa mbali: za UMCA ziko Oxford, Uingereza, katika Maktaba ya Bodleian. Karibu zaidi ziko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na Unguja, na mkusanyo wa vitabu vya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye nafasi na aende. Lakini karatasi zilizokwisha kuhifadhiwa zitatungoja, wazee hawatatungoja. Basi msomaji, kabla ya kufunga safari kwenda kusoma habari za waliokufa, keti leo na yule aliye hai, uulize, uandike, na chini yake utie tarehe.