Nnabagereka wa Buganda: Si Kila Malkia Hutawala

Kiswahili humwita malkia mwanamke anayetawala, na humwita malkia pia mke wa mfalme. Tukivuka mpaka kuingia Uganda, neno hilo halitutoshi. Katika ufalme wa Buganda mfalme huitwa Kabaka na mkewe huitwa Nnabagereka. Cheo hicho ni cha heshima kubwa, lakini si cha utawala.

Hapo kale Kabaka alikuwa na wake wengi, na wakubwa miongoni mwao walikuwa na vyeo maalumu, kama vile Kaddulubaale na Kabejja. Hata hivyo, wanawake wawili waliwazidi wote kwa mamlaka, nao hawakuwa wake wa kuzaa naye. Wa kwanza alikuwa Namasole, mama mzazi wa Kabaka. Wa pili alikuwa Lubuga, dada yake. Kila mmoja alikuwa na makao yake, ardhi yake na watumishi wake.

Ndoa ya Kikristo, ya mume mmoja na mke mmoja, ilibadili mpangilio huo. Mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa wa Pili alifunga ndoa na Irene Drusilla Namaganda, ambaye alikuwa Nnabagereka. Chwa alipofariki mwaka 1939, mwana wao Mutesa wa Pili alirithi kiti, na mama akawa Namasole.

Hapo ndipo uzito wa cheo ulipodhihirika. Mila ilimkataza Namasole kuolewa tena, ilhali Kanisa lilimruhusu mjane. Mwaka 1941 aliolewa na mtu asiye wa ukoo wa kifalme. Buganda ikatikisika: mama akapoteza cheo chake, na Katikiro, yaani waziri mkuu, Martin Luther Nsibirwa, akalazimika kujiuzulu kwa kuiunga mkono ndoa hiyo.

Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na Buganda ikarejeshwa mwaka 1993. Tangu mwaka 1999 Nnabagereka ni Sylvia Nagginda, mke wa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi wa Pili. Katiba ya mwaka 1995 haiwapi viongozi wa jadi mamlaka ya kiserikali. Kwa hiyo ushawishi wake huonekana katika malezi na elimu, hususan Ekisaakaate, mafunzo ya utamaduni kwa watoto.

Basi, mwanafunzi, usiharakishe kutafsiri vyeo. Uliza kwanza: mwenye cheo anapewa nini, naye ananyimwa nini?