Kusiriba Jiko kwa Sikukuu: Historia ya Pambo la Jikoni wakati wa Krismasi katika Eneo la Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kupamba jiko la nyumbani kwa ajili ya Krismasi nchini Uganda, Rwanda na Burundi kwa kutumia ushahidi wa msamiati. Hoja yake ni kwamba kazi ya wanawake ya kusiriba jiko kila Desemba, ambayo maandishi mengi huiita usafi au ukarabati, ni upambaji wa asili uliojishikiza katika kalenda ya Kikristo. Makala yanaonesha pia kwamba kutoitambua kazi hiyo kama upambaji kunagusa sera za leo za majiko sanifu na uundaji wa istilahi za Kiswahili katika nchi jirani.

Utangulizi

Mtafiti anayetaka kuandika historia ya Krismasi katika eneo la Maziwa Makuu hakosi nyaraka. Kumbukumbu za misheni zinaeleza ibada, ubatizo, nyimbo na idadi ya waumini waliofika kanisani. Kinachokosekana ni jiko. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Katika nyumba ya asili ya Buganda jiko ni jengo dogo linalojitegemea, nyuma ya nyumba kubwa, na mgeni hana ruhusa ya kufika huko. Mmisionari aliyealikwa kula alikaa katika eddiiro, yaani chumba cha kulia na kupokelea wageni, akaandika aliyoyaona hapo. Mtawala wa kikoloni hakuingia zaidi ya hapo, na mara nyingi hata mume wa nyumba hakuingia. Hivyo basi, mahali ambapo sikukuu ilitengenezwa hasa hapakuwa na mwandishi.

Nililelewa katika kijiji kimoja cha Masaka, na wiki ya kabla ya Krismasi haikuwa wiki ya mti wala ya nyota za karatasi. Ilikuwa wiki ya udongo. Tulitumwa bondeni kuchota ebbumba, udongo wa mfinyanzi, na kwa jirani mwenye ng'ombe kuomba samadi mbichi. Mama alifuta masizi ya mwaka mzima, akaziba nyufa, akasiriba kuta na sakafu ya jiko kwa viganja vyake, kisha akazungushia sehemu ya chini ya ukuta mkanda wa ennoni, udongo mweupe. Mkanda ule haukuzuia maji, haukuimarisha ukuta, wala haukusafisha chochote. Ulikuwepo ili upendeze. Ninautaja kwa sababu ndio ulioniongoza kwenye swali la makala haya: kwa nini kazi hii haiitwi kupamba?

Kwa kuwa nyaraka ni haba, nimeyategemea maneno. Neno peke yake halitoi tarehe, na mwanaisimu anayelifanya kalenda hupotea njia. Hata hivyo, likiwekwa kando ya tarehe zinazojulikana kwa njia nyingine, neno huonesha kitu kilipita wapi na kilikutana na nini.

Jina la sikukuu

Waganda huiita Krismasi Ssekukkulu. Ni neno la Kiswahili, sikukuu, lililobadilishwa umbo. Msikilizaji wa Kiganda aliisikia "kuu" ya Kiswahili akairudishia sauti ambayo Kiswahili kiliidondosha zamani, kama vile "mkuu" wa Kiswahili alivyo "omukulu" kwa Kiganda. Jambo hilohilo lilitokea kwa kitambaa, ambacho kwa Kiganda ni ekitambaala, na neno hilo tutakutana nalo tena.

Historia inaeleza vyema jinsi neno hilo lilivyoingia. Wamisionari wa Church Missionary Society walifika kwa Kabaka Muteesa I mwaka 1877, na Mapadre Weupe wakafuata mwaka 1879. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza na maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa yalikwisha kutafsiriwa pwani na Zanzibar wakati Kiganda hakijaandikiwa kitabu. Lakini Kiswahili hakikuja Buganda na Wakristo. Kilitangulizwa na wafanyabiashara Waislamu, na Muteesa mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa kabla ya misheni ya kwanza kufika. Kwa watu wa pwani, sikukuu ilikuwa kwanza kabisa Idd. Nayo Idd ya pwani ina maandalizi yake ya nyumba: kufagia, kupaka chokaa, kutandika mikeka mipya. Sidai kwamba Waganda walijifunza kusiriba kutoka kwa Waswahili; maneno ya kusiriba, kama tutakavyoona, ni yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba jina walilolipokea halikuwa jina la ibada tupu. Lilikuwa jina la siku ambayo nyumba hutakiwa ionekane mpya.

Rwanda na Burundi zilifuata njia nyingine. Mapadre Weupe waliofungua misheni ya Save mwaka 1900 walikuwa wa shirika lenye asili ya Kifaransa, na sikukuu ikaitwa Noheli kwa Kinyarwanda na Noeli kwa Kirundi. Mwaka mpya nao ukaitwa Ubunani, kutokana na salamu ya Kifaransa ya mwaka mwema. Pamoja na hayo, Kinyarwanda kina umunsi mukuru, ambalo ni "siku kuu" neno kwa neno. Jina la sikukuu fulani linaweza kuazimwa, lakini dhana ya siku iliyo kubwa kuliko nyingine ilikuwa na makao tayari.

Mafiga na ukuta

Tukitoka kwenye jina la siku na kuingia jikoni kwenyewe, mikopo inatoweka karibu yote. Figa la Kiswahili ni essiga kwa Kiganda na ishyiga kwa Kinyarwanda. Jiko la Kiswahili ni ndugu wa iziko la Kinyarwanda na riiko la Kigikuyu. Haya si maneno yaliyoazimana. Ni urithi wa Kibantu wa kale. Kwa Waganda essiga ni zaidi ya jiwe: ni jina la tawi la ukoo lililo chini ya ekika. Jamii inayotumia jiwe la meko kuutaja ukoo wake haiwezi kuliona jiko kama chumba cha kazi tu.

Vitenzi ni vya kale vilevile. Kinyarwanda hutofautisha guhoma, yaani kukandika ukuta kwa tope, na gukurungira, yaani kuusiriba kwa tabaka laini lenye samadi ili ung'ae. Kiganda kina okumaala kwa kazi ya kusiriba kwa samadi. Tofauti baina ya guhoma na gukurungira ina uzito katika hoja yetu. Ukuta uliohomwa umekwisha kusimama na kuzuia upepo. Gukurungira ni kazi ya jicho na kiganja.

Mfano mzuri kuliko yote wa kazi hiyo ni imigongo ya mashariki mwa Rwanda, katika eneo la Gisaka ya kale, ambalo leo linajulikana zaidi kwa mafundi wa Nyakarambi. Samadi iliyochanganywa na majivu huinuliwa ukutani kwa vidole hadi ifanye matuta yenye maumbo ya pembe na mistari, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Jina lake halimhitaji msomaji wa Kiswahili atafute kamusi: ni migongo. Imigongo haikuzaliwa na Noeli, na ingekuwa kosa kuipachika huko. Inathibitisha tu kwamba wanawake wa eneo hili walikuwa na sanaa kamili ya kupamba ndani ya nyumba kwa samadi na udongo bila kufundishwa na misheni.

Kwa nini basi kazi hii ikatua Desemba? Jibu langu ni la mvua. Kusini mwa Uganda, Rwanda na Burundi, mvua za mwisho wa mwaka huanza karibu na Septemba na kupungua Desemba. Miezi mitatu ya mvua hupasua ukuta wa udongo na kumong'onyoa sehemu yake ya chini. Zinapopungua, udongo bado ni mbichi na rahisi kuchota, na jua limeanza kutosha kukausha ukuta. Kuta zilihitaji mikono wakati uleule hata kabla ya mtu yeyote kuhesabu tarehe 25. Krismasi iliikuta kazi ya msimu, ikaipa siku ya mwisho na wageni wa kuiona.

Sebule ilivyopata pambo

Neno "mapambo" lilikuja kwa mlango wa mbele. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona na kufuma. Nchini Uganda shule ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905, ni mfano unaojulikana. Katika himaya ya Ubelgiji kazi hiyo ilifanywa pia na foyers sociaux, vituo vya kuwafundisha wanawake wa mijini. Kile cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kilichoanza mwaka 1946, ndicho kilichochunguzwa kwa makini zaidi na wanahistoria. Wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea, na walimu waliwatembelea nyumbani kuona kama masomo yamefuatwa. Huo ulikuwa mji wenye mitaa ya Waswahili, na kwa hiyo historia hii ni ya lugha yetu pia.

Tazama kilichopambwa. Vitambaa vya kufuma viliwekwa juu ya viti na meza. Picha zilitundikwa sebuleni, ambayo kwa Kinyarwanda iliitwa saro, kutoka salon ya Kifaransa. Wakati wa Krismasi tawi la mti likasimamishwa kwenye kona hiyohiyo. Jiko nalo lilikaguliwa kwa kipimo kingine: lina majivu au halina, vyombo vimeinuliwa au viko chini. Kwa mgawanyo huo sebule ikawa mahali pa mapambo, jiko likawa mahali pa usafi. Mwanamke aliyefuma kitambaa alihesabiwa kuwa anapamba. Yuleyule akichora mkanda mweupe kwenye ukuta wa jiko alihesabiwa kuwa anafanya usafi, kama alihesabiwa kabisa.

Naona mgawanyo huo umeingia hata katika Kiswahili cha vitabu. Kamusi zetu zinavyo vitenzi kukandika, kusiriba na kutomea, lakini huvieleza kama kazi za ujenzi. Msomaji hatambui kwamba anayesiriba huenda ni mwanamke, kwamba huenda ni kwa ajili ya sikukuu, au kwamba kuna kusiriba kwa kupendezesha. (Kamusi hizohizo hazikosi nafasi ya kueleza sehemu zote za jahazi. Silalamikii jahazi.)

Jiko la mradi

Jambo hili lingeweza kuachiwa wanahistoria kama halingegusa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Uganda, kama nchi nyingine, imeeneza majiko sanifu ya udongo, likiwemo jiko la Lorena, lililobuniwa Guatemala katika miaka ya 1970 na kupewa jina kutokana na maneno mawili ya Kihispania: lodo, tope, na arena, mchanga. Jiko la namna hii huondoa moshi likiwa zima. Likipasuka, moshi hurudi chumbani.

Jiko kama hilo lilijengwa nyumbani kwetu na mradi ambao sitautaja. Kijikaratasi kilichoachwa kiliagiza "ukarabati wa kifaa mara nyufa zinapojitokeza". Mama hakupuuza agizo. Hakulitambua kama linamhusu. Kifaa kwake ni kitu cha chuma, na ukarabati ni kazi ya fundi anayelipwa. Ufa uliojitokeza mwezi Julai ulibaki wazi hadi Desemba, siku udongo wa Ssekukkulu ulipoletwa. Hapo aliuziba pamoja na nyufa za ukuta, akalisiriba jiko lote, akalizungushia mkanda mweupe. Kazi iliyoombwa na mradi aliijua tangu utotoni, kwa jina lingine na kwa msimu wake.

Suala la istilahi halina muda mwingi. Rwanda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua kama hiyo mwaka 2022. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekubali Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Miongozo ya afya, makazi na nishati inatafsiriwa sasa, mingi kutoka Kiingereza, na wafasiri ambao hawajawahi kuchota udongo. Ningependekeza kwa wanaoandaa orodha za istilahi za nishati ya kupikia waandike "kusiriba jiko" mahali pa "ukarabati wa kifaa", na waweke kando yake gukurungira na okumaala ili mhudumu wa kijijini ajue ni kazi ipi inayosemwa. Kwa wanaopanga mafunzo, wiki mbili za mwanzo wa Desemba ni wakati ambapo udongo uko tayari mlangoni. Kinachobaki ni kukubaliana na wanawake juu ya siku ya pili ya kusiriba, katikati ya mwaka. Katika maeneo yenye Waislamu wengi, kama Buyenzi mjini Bujumbura, siku hiyo itafuata Idd, ambayo husogea mwaka hadi mwaka, na ratiba ya mradi itabidi isogee nayo.