Mwanzo wa shampiona: mambo ambayo sapota wa Likasi anapaswa kujua

Kila mwaka kipindi cha baridi na vumbi kikikaribia kuisha, maneno katika mji wetu yanabadilika. Ku soko, ndani ya bisi, kwenye foleni ya maji, watu wanaacha kuulizana nani amenunuliwa na nani ameuzwa, wanaanza kuhesabu pointi. Mechi mbili tu zikipita, tayari kuna mmoja anasema "uyu mwaka kombe ni yetu", na mwenzake wa timu ileile anasema "kocha aende kwao". Inakuwa kelele mpaka usiku.

Makala hii inaeleza namna mwanzo wa msimu unavyofanya kazi, ili sapota ajue jambo gani la kumtia wasiwasi na jambo gani la kuacha lipite. Neno letu kuu ni hili: mwezi wa kwanza hauwezi kukupa kombe, lakini unaweza kukunyang'anya.

Likasi inashangilia nani?

Mji wetu una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Timu inayobeba jina la mji katika shampiona ya taifa, Linafoot, ni Union Sportive Panda, ambayo wengi wanaita Panda B52. Kiwanja chake ni cha Kikula. Siku timu kubwa inakuja kucheza pale, mji mzima unajua hata bila tangazo.

Lakini Lubumbashi iko kilomita karibu 120 tu kwa barabara ya taifa namba 1. Kwa hiyo nyumba nyingi za Likasi zimegawanyika. Baba ni wa TP Mazembe, yaani Kunguru, nyeusi na nyeupe. Mtoto ni wa Saint-Éloi Lupopo, manjano na buluu. Mama anasema yeye ni wa Panda, kwa sababu timu ya kwenu ni ya kwenu.

Timu zote mbili za Lubumbashi zilizaliwa mwaka 1939, na zote zina harufu ya kazi. Lupopo mpaka leo wanaitwa Cheminots, maana yake watu wa reli. Mazembe kwa miaka mingi iliitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Katika mji wa shaba na reli kama wetu, si ajabu watu walizipokea kama jamaa zao.

Shampiona yetu ni fupi

Hapa ndipo masapota wengi wanadanganyika, kwa sababu wanatazama sana mpira wa Ulaya. Uingereza kuna timu 20, na kila timu inacheza mechi 38. Timu ikianza vibaya mwezi wa nane, ina muda mpaka mwezi wa tano kujirekebisha.

Kwetu si vile. Inchi ni kubwa, ndege ni ghali, barabara tunazijua. Ndiyo maana katika misimu ya karibuni Linafoot imegawanya timu katika makundi mawili, na timu za upande wetu zinakutana zenyewe kwa zenyewe. Kisha zile za juu katika kila kundi zinaingia hatua ya mwisho, ile tunaita plei-ofu, na huko ndiko bingwa anapatikana.

Tufanye hesabu. Kundi likiwa na timu 10, kila timu inacheza na wenzake 9, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 18. Ushindi ni pointi 3, kwa hiyo pointi zote zinazowezekana ni 54. Timu ikipoteza mechi tatu za kwanza, imeacha pointi 9 chini, yaani moja ya sita ya zote. Mechi tatu hizohizo Uingereza ni chini ya moja ya kumi na mbili. Kosa ni lilelile, lakini uzito wake kwetu ni mara mbili na zaidi.

Kwa timu kama Mazembe, ambayo mwaka 2024 ilichukua ubingwa wa inchi kwa mara ya 20, kuanza vibaya ni aibu, lakini ina kikosi cha kurudi. Kwa Lupopo, ambao masapota wao bado wanausimulia ubingwa wa 2002, pointi zilizopotea mapema zinaweza kuwa njaa ya mwaka mwingine. Kwa Panda hesabu ni kali zaidi: pointi za mwanzo zinaweza kuamua kama mwaka kesho Kikula itapokea timu kubwa, au itarudi kwenye mpira wa daraja la chini.

Namna ya kusoma orodha ya pointi

Mwanzo wa msimu, orodha ya pointi inasema uongo mara nyingi. Timu inaweza kuonekana ya kwanza kwa sababu imecheza mechi nyingi kuliko wenzake. Mechi zinaahirishwa: ndege haikutoka, kiwanja hakikukubaliwa, au timu iko kwenye kombe la Afrika. Basi soma vitu vinne, kwa mpango huu:

Kwanza, idadi ya mechi. Timu yenye pointi 13 kwa mechi 7 iko nyuma ya timu yenye pointi 10 kwa mechi 4, hata kama karatasi inaonyesha kinyume. Ya pili imepoteza pointi 2 tu. Ya kwanza imepoteza 8. Hesabu pointi zilizopotea, utaona ukweli.

Pili, nyumbani au ugenini. Pointi moja uliyoileta kutoka Mbuji-Mayi au Kananga si sawa na pointi moja uliyobaki nayo baada ya kushindwa kumfunga mgeni pale kwako.

Tatu, umecheza na nani. Ikiwa timu yako tayari imekutana na wakubwa wote wa kundi, kukaa katikati ya orodha si jambo la kulia. Ikiwa imekutana na wadogo tu na bado inahangaika, hapo una haki ya kuuliza: "juu ya nini?"

Nne, golaveraji, yaani magoli uliyofunga ukiondoa uliyofungwa. Mwezi wa tisa hakuna anayeijali. Mwishoni, timu mbili zikilingana pointi, watu wanakumbuka lile goli la dakika ya 90 walilofungwa wakati wamekwisha kushindwa.

Kombe la Afrika halisubiri

Kwa timu zinazowakilisha inchi katika mashindano ya CAF, mwanzo wa msimu una hatari nyingine. Hatua za awali ni mechi mbili tu, moja nyumbani na moja ugenini. Ukitolewa, Afrika imekwisha kwako, na shampiona ya nyumbani bado ni mbichi.

Hapo goli la ugenini lina thamani yake pekee. Sapota wa Mazembe anajua vizuri. Mwaka 2009, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Heartland ya Nigeria ilishinda 2-1 kwao. Lubumbashi, Mazembe ikashinda 1-0. Jumla ilikuwa 2-2, na lile goli moja la Nigeria ndilo lililoleta kombe Katanga. Ile njia ilifika mbali: mwaka 2010 Mazembe ilichukua tena kombe la Afrika, ikaenda Abu Dhabi, ikafunga Pachuca ya Meksiko na Internacional ya Brazil, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milan ilishinda 3-0, lakini nani alijali? Kwa hiyo timu yako ikifungwa 2-1 ugenini mwanzoni mwa msimu, usizime redio. Hayo ni matokeo yanayobebeka.

Tena, "nyumbani" si lazima iwe nyumbani. Mwezi wa kumi 2023, katika ile African Football League, Mazembe ilipokea Espérance ya Tunis kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ilishinda 1-0, halafu ikapoteza 3-0 kule Tunis. Kabla ya kupanga safari, uliza kwanza mechi inachezewa wapi.

Karatasi pia inafunga magoli

Kuna kitu ambacho sapota haoni kiwanjani: karatasi za wachezaji. Mwanzo wa msimu ndio wakati wachezaji wapya wanaandikishwa, na kosa la ofisini linaweza kuharibu kazi ya miguu.

Mwaka 2011 Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Katika hatua za mwanzo ilikutana na Simba ya Tanzania, ikashinda mechi zote mbili, jumla 6-3. Simba ikapeleka malalamiko kwamba mchezaji mmoja wa Mazembe hakuwa na haki ya kucheza. CAF ikakubali, na bingwa akatolewa kwenye mashindano. Nafasi iligombewa na Simba na Wydad ya Casablanca mjini Cairo, na Wydad ikashinda 3-0.

Lakini mpira una mambo yake. Katika zile mechi, Mazembe ilimwona kijana mmoja wa Simba, Mbwana Samatta, ikamchukua mwaka uleule. Mwaka 2015 Mazembe ilipochukua Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger, Samatta alikuwa mfungaji bora wa mashindano. Mechi mbili za mwanzo wa msimu zilinyang'anya kombe moja na kupanda lingine.

Ndiyo maana viongozi wa timu wanaposema "mchezaji huyu bado hana leseni", usiwatukane haraka. Afadhali akose mechi mbili kuliko timu ipoteze pointi mezani.

Jua kwanza, mvua baadaye

Shampiona ikianza, ardhi ya Katanga ni kavu. Mpira unaruka juu, vumbi linapanda, na mwezi wa kumi joto linabana. Timu ya wachezaji wenye mbio inaweza kung'aa. Kisha mwezi wa kumi na moja mvua inaanza kweli, kiwanja kinakuwa kizito, na timu ileile inaonekana kama imebadilishwa miguu. Mchezaji ambaye ulimwita mzee mwezi wa tisa, mwenye nguvu na mpira mrefu, ndiye anayeanza kuokoa pointi. Kocha anayepanga kikosi anafikiria mambo hayo pia, hata kama sisi kwenye kiti cha bia tunaona amelala.

Sapota anaweza kupoteza pointi

Mwanzo wa msimu roho ziko juu, na mechi ya Mazembe na Lupopo inaweza kufika mapema. Tuseme wazi: jiwe likirushwa kiwanjani, mwamuzi akipigwa, anayelipa ni timu. Adhabu zinajulikana: faini, kucheza bila watu, kupewa kipigo cha 3-0 mezani. Yaani mtu aliyelipa tiketi ili kusaidia timu yake anaweza kuifunga magoli matatu peke yake.

Tena kuna jambo kubwa kuliko pointi. Tunaotoka Likasi kwenda Lubumbashi tunarudi usiku, barabara ina malori ya madini, na madereva wengine wanakimbizana kwa furaha ya ushindi au hasira ya kufungwa. Usipande gari lililojaa mpaka mlango haufungi. Mtoto asiende bila mkubwa. Jezi ya timu pinzani si sababu ya kupiga mtu. Kesho utakutana naye ku soko, tena labda ni shemeji yako.

Mfuko wa nyumba

Mwezi wa tisa ndio mwezi wa masomo: daftari, viatu, sare. Ndio mwezi pia wa jezi mpya, tiketi na nauli. Na vijana wanaweka pesa kwenye kubashiri. Kama tulivyoona, mwanzo wa msimu ndio wakati orodha ya pointi inadanganya zaidi: vikosi vipya, mechi zinazoahirishwa, viwanja vinavyobadilishwa. Hata anayejua mpira vizuri hawezi kusoma wakati ule. Anayeweka pesa ya shule ya mtoto pale anaitupa.

Kama pesa ni ya mechi moja tu, chagua ya Kikula. Nauli ni ndogo, na kwa timu ya mji tiketi yako inaonekana. Zingine sikiliza kwenye redio, na weka betri mapema, maana umeme tunaujua.

Kwa kifupi

Mpaka mechi ya sita, usimfukuze kocha na usipange sherehe. Hesabu pointi zilizopotea, angalia mechi za ugenini, fuata habari za leseni, na ngoja mvua ya kwanza. Timu yako ikifika mwezi wa kumi na mbili iko ndani ya nafasi za plei-ofu, hata kwa magoli ya shida, imefanya kazi yake. Na ikiwa iko nje, hapo ndipo inahitaji watu kiwanjani kuliko siku ya kombe, kwa sababu siku ya kombe kila mtu ni sapota.